Mwisho wa Njia, Inalaza Wanane

Hilary Thirkettle alikuwa na miaka sitini na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumshukuru kwa kutafuta nyumba ya likizo. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, mshukuru Mungu wako. Huyu anataka aione bahari akiwa kitandani, yule haendi popote bila mbwa wake, wa tatu ana goti bovu hataki ngazi. Na wakishafika wote, mvua ikaanza kunyesha, wa kulaumiwa ni mmoja tu: aliyechagua.

Mwaka huu mambo yalizidi. Mwezi wa Agosti baba yake, mzee Wilfred, angetimiza miaka tisini, na ukoo mzima ulikuwa umekubaliana kukaa pamoja wiki moja kwenye pwani ya Norfolk. Ukakubaliana, kisha ukakunja mikono. Mdogo wake Keith alileta ujumbe mmoja tu kwenye simu: "Utakachochagua wewe ni sawa, dada, mradi kuwe na beseni la maji moto bustanini." Hilary aliusoma, akasonya, akaifunika simu mezani.

Majuma mawili alikesha na orodha za mtandaoni. Nyumba hizi zinasifiwa zote kwa maneno yaleyale, utadhani mwandishi wao ni mmoja: ya mawe, ya kupendeza, dakika tano hadi baharini, inalaza wanane. Dakika tano kwa mguu wa nani, hawasemi. Katikati ya orodha ikamtokea nyumba moja ya mawe ya gumegume, yenye mlango wa nyuma wa buluu, na nyuma yake kinamasi cha chumvi hadi upeo wa macho. Hilary hakusoma hata jina. Aliipitisha kwa kidole upesi, akaenda kuteleka chai ambayo hakuinywa.

Akabakiza nyumba mbili. Jumanne moja ya mwezi wa Machi akampakia baba yake garini wakaenda kuziangalia, kwa sababu mzee alikuwa ameng'ang'ania. "Sherehe ni ya nani?" aliuliza. "Yangu. Basi nyumba nachagua mimi."

Funguo za nyumba zote za kijiji cha Saltham alikuwa nazo mwanamke mmoja, Bi Dorcas Pym, mfupi, mwenye mabuti ya mpira na rundo la funguo kiunoni kama mlinzi wa gereza. Yeye ndiye aliyepokea wageni, yeye ndiye aliyefagia wakiondoka kila Jumamosi. Alikuwa na sifa moja kubwa ambayo huku kwetu inapendwa kuliko ukarimu: hakumwuliza mtu swali lolote lisilomhusu.

Nyumba ya kwanza, iliyoitwa Nanga, mzee Wilfred aliingia akajigonga kichwa kwenye boriti, akatoka kwenda kuvuta pumzi, aliporudi akajigonga tena. Kila mahali palijaa ndege wa baharini wa mbao, makombe, na kamba za meli ambazo hazijawahi kuona meli. Kulikuwa na kibao chenye mshale kilichoandikwa *Bahari Huku*, na mshale ulielekea kwenye jokofu.

"Hapa nitakufa kabla ya keki," alisema mzee, akijipapasa utosi.

Ya pili haikuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Nyeupe kila upande, baridi, inanuka rangi. Mzee alisimama mlangoni, hakuvua hata kofia.

"Hii ni hospitali," akasema. "Bi Pym, na ile ya mwisho wa njia je?"

"Ile uliyoniulizia kwa simu, mzee? Ufunguo ninao hapa."

Hilary alimgeukia baba yake. Mzee alikuwa anatazama viatu vyake.

"Baba, ulimpigia simu lini?"

"Jumapili, ulipokwenda sokoni. Twende, mwanangu. Kuangalia si kununua."

Ilimbidi Hilary aendeshe gari kwenye njia ile nyembamba kati ya vichaka. Alikuwa hajaipita njia hiyo tangu mwaka wa sabini na nne.

Sasa nieleze, maana bila hili hutaelewa kwa nini mwanamke mtu mzima alitamani gari limzimikie njiani. Agosti ya mwaka ule Hilary alikuwa na miaka kumi na miwili, na mdogo wake Lorna miaka sita. Keith alikuwa bado hajazaliwa. Walikuwa wamepanga nyumba ya Mwisho wa Njia, wao wawili na wazazi wao. Siku ya tano alasiri, mama yao, Muriel, alikwenda dukani kununua mkate, akamwachia Hilary nyumba. Hilary alipiga deki jikoni kote, akapiga magoti akasugua hata pembeni, ili mama akirudi ashangae. Mara mlango wa nyuma ukafunguliwa, na Lorna huyo, tope hadi magotini, akitaka kuingia.

"Toka! Hukanyagi hapa na tope lako!" Hilary akafoka. "Kaoshe miguu hukohuko ulikolitoa. Na usiingie mpaka niseme mimi!"

Akamfungia mlango. Mtoto alikuwa mtiifu kupita kiasi, angeambiwa akae juu ya ukuta angekaa. Bomba lilikuwa palepale nje, hatua tatu, lakini hakuambiwa bombani. Aliambiwa hukohuko. Akarudi kwenye hori, ule mkono wa bahari unaopenya kinamasini hadi karibu na uzio, na maji yalikuwa yanajaa. Walimpata siku ya tatu.

Hilary hakumwambia mtu. Polisi walipouliza, alisema hakumwona. Mama yake alijilaumu miaka thelathini na mbili kwamba laiti asingesimama dukani kupiga soga, akaingia kaburini na neno hilo mdomoni. Hilary aliyasikia yote hayo, akaufunga mdomo uleule uliokuwa umemfokea mtoto. Sasa aliyebaki ni baba. Kila siku Hilary aliogopa atakufa kabla hajaambiwa, na aliogopa zaidi ya hapo kumwambia.

Nyumba ilikuwa haijabadilika sana. Mlango wa buluu ulipakwa upya, jikoni pamewekwa zulia la rangi ya maziwa, jambo la kipuuzi kabisa mahali pa tope kama pale, na juu ya mlango wa nyuma wenye nyumba wamebandika tangazo: *Tafadhali, asiingie mtu na tope miguuni. Asanteni!*

"Hii iko wazi Agosti nzima," Bi Pym alisema. "Kila mwaka huwa wazi. Watu wanaipenda, wanasifu mno, ila hawarudi mara ya pili."

"Kwa nini?" Hilary aliuliza.

"Sijawauliza," Bi Pym akajibu, kana kwamba ameulizwa kama aliwahi kuiba. Akasema ana funguo za ukumbi wa kanisa za kupeleka, atarudi baada ya nusu saa, wajisikie wako kwao. Wakasikia gari lake likiondoka.

Mzee Wilfred aliketi kwenye kiti kando ya jiko, fimbo kati ya magoti. Mezani palikuwa na kitabu cha wageni, kile ambacho kila familia hulazimika kuandika kabla ya kuondoka kwamba kila kitu kilikuwa kizuri, hata kama paa lilivuja.

"Nisomee," alisema. "Macho yangu hayafai kitu."

"Ni mambo ya mvua tu, Baba."

"Nisomee hiyo mvua."

Hilary akafungua. "*Wiki nzuri sana. Mvua siku sita. Birika linachelewa kuchemka.*" Akafunua ukurasa. "*Tumefurahi. Mbwa amekula mto, samahani.*" Akafunua tena, na yaliyofuata hakuyasoma kwa sauti.

Maandishi yalikuwa ya mtu mstaarabu, ya wino wa buluu: *Nyumba safi kweli. Tafadhali mwambieni mama wa yule msichana mdogo wa jirani kwamba ana binti mwenye adabu. Alikuja mlango wa nyuma kila alasiri kuuliza kama miguu yake imetakata. Tulimwambia bado, mpenzi, nenda kaoshe tena. Akashukuru akaenda.*

Akafunua nyuma, mbele, nyuma. *Mtoto wa jirani alikuja tena, masikini, tope tupu! Hatukutaka kuharibu zulia lenu.* Na mwingine: *Yule mdogo wa miguu ya tope hachoki! Tulimrudisha mara nne.* Na mwingine, na mwingine. Vitabu vya miaka ya nyuma vilikuwa vimepangwa kwenye rafu, saba, vinane, na hakuhitaji kuvifungua.

Jirani gani? Nyumba ya karibu zaidi ilikuwa umbali wa maili nzima, na anayeishi humo ni mchungaji mstaafu na paka. Lakini nani angeuliza? Kila familia ilidhani ni mtoto wa mtu, na mtoto wa mtu huingilii mambo yake. Walisoma tangazo lililo juu ya mlango, wakatii, wakamwambia kwa upole arudi akaoshe. Miaka hamsini watu waungwana walikuwa wanamrudisha Lorna kwenye maji, na wanaandika asante.

"Umeruka," mzee alisema.

"Sijaruka kitu."

"Hilary. Umeruka. Yule muuguzi anayekuja kunifunga mguu alikaa hapa na wanawe mwaka juzi. Alinihadithia akicheka, eti mtoto wa kijijini anayeuliza kama miguu yake imetakata. Nikamwambia anifunge bandeji taratibu, kumbe haikuwa bandeji iliyoniuma."

Hilary alikifunga kitabu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye aliona afadhali aumbuke akiwa hai.

"Baba, mimi ndiye niliyemwambia. Nilikuwa nimepiga deki. Nilimwambia akaoshe miguu hukohuko, nikamfungia mlango. Si mama, wala si duka. Ni mimi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa juu." Mzee alionyesha dari kwa kidole. "Kile chumba cha nyuma, dirisha wazi. Mama yako alidhani nimelala, kumbe nasikiliza kriketi redioni. Nilikusikia unamfokea. Nikacheka, mwanangu. Nikasema, huyu kweli binti wa Muriel. Kisha nikamwona Lorna anapita bustanini kuelekea horini. Nikasema moyoni, nikimaliza kusikiliza hii zamu ya mwisho nitashuka." Akaigeuza fimbo kati ya magoti. "Ngazi kumi na tatu tu. Mchezo ulikuwa umenoga."

Hilary alimtazama mzee huyu ambaye yeye ndiye humwogesha, humpikia uji na kumkatia kucha, akaona hamjui hata kidogo.

"Ukamwacha mama alie miaka yote ile?"

"Ningesema nilichosikia, ningekutaja wewe. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Na ningejitaja mimi pia, tusidanganyane, hilo ndilo lililonifunga mdomo zaidi."

"Umeniacha nibebe peke yangu, Baba! Miaka hamsini!"

"Na wewe umeniacha," alisema mzee kwa sauti ndogo. "Meza moja, chai moja, kila Jumapili. Tulichokuwa tunasema ni nini? Hali ya hewa."

Hilary alijikuta analia kwa sauti, yeye ambaye kwenye mazishi ya mama yake alikuwa akigawa biskuti. Mzee alinyoosha mkono wake wenye madoa, na yeye akaushika, akaubana hadi akajua anamwumiza, na mzee hakuutoa.

"Kwa hiyo umenileta uniulize?" alisema baadaye, akijifuta na leso ya jikoni.

"Nimekuleta kwa sababu mimi siye niliyemwambia asiingie. Nikimwita mimi haitasaidia. Ruhusa anayoingoja ni yako."

Nje maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye uzio, ya kijivu, kimya, jua la Machi limeinama. Ilikuwa saa kumi na robo. Na mlango wa nyuma ukagongwa.

Hodi tatu, laini, na zilipigwa chini, pale mkono wa mtoto unapofika.

Mzee alijaribu kuinuka, fimbo ikamteleza. Hilary alivuka zulia lile jeupe. Alifungua mlango.

Alikuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka. Hilo ndilo lililomshtua, si nywele zilizolowa, wala gauni la pamba la miaka ile. Miaka yote alikuwa amemwona moyoni mtoto mkubwa, mtoto wa kutosha kujua bomba liko wapi. Kumbe alikuwa kitoto tu, jino moja la mbele halipo. Tope lilikuwa limemfika magotini, linang'aa, na maji yalimchuruzika kwenye kizingiti.

"Samahani, bibi," alisema mtoto. "Miguu yangu imetakata sasa?"

"Imetakata." Hilary akaufungua mlango wote. "Imetakata, mpenzi wangu. Na hata ingekuwa haijatakata. Ingia. Ingia hivyohivyo, kanyaga popote."

Mtoto aliitazama miguu yake, kisha akamtazama Hilary, kwa makini, kama mtoto aliyefunzwa asidanganywe na wageni.

"Siruhusiwi. Dada amesema mpaka aseme yeye."

"Mimi ndiye dada. Lorna, mimi ni Hilary. Nimesema. Ingia!"

Mtoto alicheka kidogo, kile kicheko cha adabu anachopewa mtu mzima anayetania vibaya.

"Hapana," alisema. "Dada yangu ana miaka kumi na miwili. Wewe ni bibi."

Akageuka. Hilary alipiga magoti kizingitini, akanyoosha mikono yote miwili, akashika hewa iliyolowa. "Lorna! Bomba lipo hapa! Lorna, usiende huko, njoo bombani!" Mtoto hakukimbia wala hakugeuka. Alipita bustanini bila haraka, kama mtu anayeijua kazi yake, akapenya uzio mahali palipojaa maji, na maji hayakutikisika.

Mzee alikuwa amefika mlangoni akishikilia ukuta. Alitazama bustani tupu.

"Amekwenda?"

"Hakunijua, Baba. Ananiona mzee. Amenicheka!"

"Ulimwita vizuri?"

"Nimemwita!"

Mzee aliweka mkono wake kichwani mwa binti yake, palepale alipokuwa amepiga magoti, kama ambavyo hakumwekea siku ile ya mwaka wa sabini na nne, watu walipojaa nyumba na hakuna aliyemtazama mtoto aliyebaki. Walikaa hivyo hadi waliposikia gari. Hilary aliinuka, magoti ya suruali yake yamelowa maji ya chumvi.

Bi Pym aliingia kwa mlango wa mbele akinusa baridi iliyojaa nyumba. Aliona mlango wa nyuma uko wazi, zulia limelowa, na wageni wake wawili macho mekundu. Akayaona yote, na akatoa daftari lake mfukoni.

"Mmeipenda?"

"Tunaichukua," Hilary alisema.

"Vizuri. Wiki ile ya Agosti, basi. Wiki moja?"

"Tunaanza kesho."

Kalamu ya Bi Pym ilisita. "Kesho. Sawa. Hadi lini, bibie?"

Hilary alitazama nje, maji yalikokuwa yameanza kupungua na kuacha tope jipya.

"Mpaka anizoee," alisema.

Bi Pym alingoja kidogo, kuona kama kuna maelezo. Hapakuwa na maelezo, na yeye hakuwa mtu wa kuuliza, basi akaandika tarehe ya kesho, na mahali pa tarehe ya kuondoka akaacha wazi.